Elimu ya Bure na Elimu Huria: Masomo ya Mtandaoni na Darasa la Kiswahili

Tarehe 4 Aprili 2001, Charles Vest, aliyekuwa rais wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, alitangaza kwamba taasisi yake ingeziweka karibu kozi zake zote katika intaneti, na kwamba mtu yeyote, popote alipo, angeweza kuzisoma pasipo kulipa ada wala kujiandikisha. Tangazo hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa lilikwenda kinyume na upepo wa wakati ule. Miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilikuwa miaka ya homa ya biashara ya mtandaoni, na vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vilikuwa vimekwisha kuunda makampuni ya kuuza masomo. Chuo Kikuu cha Columbia kilizindua kampuni iliyoitwa Fathom mwaka 2000. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2003. Kamati ya MIT yenyewe ilikuwa imetumwa kutafuta jinsi chuo kingeweza kuingia katika soko hilo. Ilipopiga hesabu ikaona kwamba faida haikuwa ya kutegemewa, ikarudi kwa wakuu wake na pendekezo ambalo hakuna aliyelitarajia: kama masomo hayauziki kwa faida, basi yatolewe.

Kazi ilikwenda kwa hatua. Majaribio yalianza Septemba 2002 kwa kozi chache. Mwaka uliofuata kozi zilifika 500, na kufikia Novemba 2007 zilikuwa 1,800, kuanzia fizikia na uhandisi hadi falsafa, historia na isimu. Gharama za mwanzo zilibebwa kwa sehemu kubwa na mifuko miwili ya hisani ya Marekani, Hewlett na Mellon. Kilichowekwa hakikuwa chuo, bali makaratasi ya chuo: muhtasari wa mihadhara, orodha za vitabu, mazoezi, mitihani iliyopita, na kwa baadhi ya kozi picha za video. Msomaji hakupewa mwalimu wala cheti. MIT ililisema jambo hili waziwazi tangu mwanzo, na ni vema likumbukwe, kwa kuwa lawama nyingi zilizotolewa baadaye ziliulenga mradi huo kwa kutotimiza ahadi ambayo haikuwahi kutolewa.

Mhadhara huu hauhusu mitambo. Unahusu swali la historia ya lugha. Kiswahili kilikuwa na wasemaji makumi ya mamilioni, kilikuwa na chombo cha kukisanifisha tangu mwaka 1930, na kilikuwa lugha ya taifa na ya serikali. Hata hivyo, katika mafuriko ya maarifa ya bure yaliyoanza mwaka 2001, sehemu yake ilikuwa ndogo mno. Jibu linalotolewa kwa haraka ni umaskini wa watumiaji na uhaba wa kompyuta. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kwamba Kiswahili hakikuwa na darasa lililokuwa likizingoja nyenzo hizo katika ngazi ambayo ziliandikiwa. Pale darasa lilipokuwapo, nyenzo zilipatikana.

Bure na huria

Kiswahili kina neno bure, na neno hilo lina nyuso mbili. Aliyepewa kitu bila malipo amepewa bure. Aliyehangaika asipate kitu amehangaika bure. Lugha inayoweka zawadi na hasara katika neno moja inamtahadharisha msemaji wake, na pengine ndiyo sababu wanataaluma wengi walilikwepa neno hilo walipoanza kuandika juu ya masomo haya. Badala yake walichukua neno huria.

Neno huria lilikuwa na historia yake tayari. Lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya uhuru, na katika miaka ya 1980 na 1990 lilisikika zaidi katika siasa ya uchumi: soko huria, biashara huria. Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, neno likapata maana nyingine. Chuo hicho kilikuwa huria kwa sababu mwanafunzi alisoma akiwa kwake, bila kubanwa na kuta za bweni na ratiba ya kengele. Ada alilipa. Vitabu alivyosoma vilikuwa na hakimiliki kama vitabu vingine. Uhuria uliotajwa ulikuwa wa mahali na wa wakati.

Maana ya tatu ililetwa na watu wa kompyuta. Kwao programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuifungua, kuibadili na kuigawa. Mwaka 1998 David Wiley, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alipendekeza wazo hilohilo lihamishiwe kwenye maandishi ya masomo. Desemba 2002 shirika la Creative Commons likatoa leseni zake za kwanza, na MIT ikazitumia. Julai mwaka huohuo UNESCO ilikuwa imewakutanisha wataalamu mjini Paris, na ndipo lilipobuniwa jina ambalo kwa Kiswahili limeitwa nyenzo huria za elimu, au rasilimali huria za elimu, kutegemea mwandishi ni nani. Wapo pia wanaosema nyenzo wazi. Istilahi haijatulia, na hilo si ajabu katika lugha ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na kompyuta, ngamizi na tarakilishi kwa mashine moja.

Tofauti kati ya bure na huria si ya maneno matupu. Kitu cha bure mtu husoma. Kitu huria anaweza kukitafsiri. Mkataba wa Berne wa hakimiliki unampa mwandishi peke yake haki ya kuruhusu tafsiri ya kazi yake. Kwa lugha kubwa za Ulaya sharti hilo ni utaratibu wa kawaida wa biashara. Kwa lugha ambayo sehemu kubwa ya elimu yake ya juu ingepaswa kuanza kwa tafsiri, sharti hilo ni mlango wenye kufuli. Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1971, mjini Paris, mkataba uliongezewa kiambatisho kwa ajili ya nchi zinazoendelea, nacho kiliruhusu leseni za lazima za kutafsiri vitabu vya kufundishia baada ya miaka mitatu tangu kuchapishwa, na baada ya mwaka mmoja tu ikiwa lugha inayotafsiriwa si ya matumizi ya jumla katika nchi zilizoendelea. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizostahili upendeleo huo. Masharti ya kiambatisho, hata hivyo, yalikuwa mengi na mazito, na nchi zilizokitumia zilikuwa chache mno.

Leseni huria zilifanya kwa sentensi chache kile ambacho kiambatisho cha 1971 hakikuweza kukifanya kwa kurasa. Kuanzia mwaka 2002 mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi aliweza kuchukua kozi nzima ya kemia ya MIT, akaitafsiri, akaibadili mifano yake, akaichapisha kwa wanafunzi wake, bila kuomba ruhusa kwa mtu, mradi tu ataje chanzo, asiiuze, na tafsiri yake nayo aiache huria. Kufuli lilikuwa limeondolewa. Swali ni nani aliyeingia.

Waliotafsiri na wasiotafsiri

Wahispania, Wareno na watu wa Marekani ya Kusini waliingia mapema, kupitia mtandao wa vyuo vikuu ulioitwa Universia. China Bara iliunda muungano wa vyuo kwa kazi hiyo mwaka 2003. Lakini mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Taiwan, kwa sababu haukuanzishwa na serikali wala chuo. Mwaka 2004 mfasiri mmoja, Lucifer Chu, aliyekuwa amepata fedha nyingi kutokana na tafsiri yake ya Kichina ya The Lord of the Rings, aliamua kuzitumia fedha hizo kuanzisha mradi wa kutafsiri kozi za MIT. Aliita watu wa kujitolea kupitia intaneti, nao wakaja kwa mamia: wahandisi, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi, Wachina waishio ng'ambo. Kila mmoja alichukua kozi moja au sehemu ya kozi.

Mfano huo ukitazamwa kwa juujuu, unaonekana kusema kwamba kilichokosekana kwa Kiswahili ni mtu mmoja mwenye moyo na fedha. Ukichunguzwa, unasema jambo jingine. Wale mamia ya watu wa Taiwan walikuwa wamesoma fizikia kwa Kichina chuoni. Istilahi walikuwa nazo vichwani kabla ya kuketi kwenye kompyuta. Na tafsiri zao zilipotoka, zilikuta wanafunzi ambao kesho yake asubuhi wangeingia katika ukumbi wa mihadhara na kumsikia profesa akitumia maneno yaleyale.

Mhandisi wa Kitanzania wa mwaka 2004 alikuwa katika hali nyingine kabisa. Kiswahili alikijua kwa ufasaha, na uhandisi aliujua barabara, lakini viwili hivyo vilikaa katika vyumba tofauti vya akili yake. Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1984 serikali iliamua vinginevyo. Laiti ratiba ya tume ingefuatwa, wanafunzi wa kwanza kusomea sayansi kwa Kiswahili chuoni wangekuwa wamekwisha kuhitimu na kuingia kazini wakati MIT ilipofungua milango yake. Historia haijengwi juu ya laiti, lakini ulinganisho huu wa miaka unaeleza kwa nini zawadi ile ilipofika haikumkuta mwenyeji.

Isidhaniwe kwamba maneno hayakuwapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imetoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Humo mwanafunzi angekuta kani, mchapuko na mnururisho, maneno yaliyobuniwa kwa uangalifu na wanaisimu wakishirikiana na wanasayansi. Kamusi ilikuwapo, darasa la kuisema halikuwapo. Istilahi isiyotamkwa na mwalimu mbele ya wanafunzi hubaki pendekezo. Ni kosa la muda mrefu katika upangaji lugha wa Afrika Mashariki kudhani kwamba istilahi ndizo zinazoleta darasa, hali ushahidi mwingi unaonyesha kinyume chake.

Kabla ya intaneti

Ni muhimu kukumbuka kwamba elimu ya bure ya masafa, kwa Kiswahili na kwa umma mkubwa, haikuanza na intaneti. Tanzania iliijua mapema zaidi, kwa njia ya redio.

Baada ya majaribio ya Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha mwaka 1973 kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Wanakijiji walikusanyika katika vikundi mbele ya redio moja. Kiongozi wa kikundi, aliyekuwa amepewa mafunzo mafupi, alikuwa na kijitabu kilichochapwa kwa ajili hiyo. Kipindi kilirushwa, kijitabu kikasomwa, kisha watu wakajadiliana na kukubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani yaliyozaa mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, juu ya lishe.

Wanahistoria wa elimu wamezitazama kampeni hizo kwa macho tofauti. Wapo waliozisifu kwa upana wake, na wapo waliozilaumu kwa kuwa somo lilitoka juu likateremka chini, na mwanakijiji hakuulizwa angependa kusoma nini. Lawama hiyo ina haki. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha kuna jambo la kuzingatia. Katika Mtu ni Afya hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Somo liliandikwa kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu waandaaji walijua nani ameketi mbele ya redio. Kikundi kilikuwapo kabla ya kijitabu.

Kutoka satelaiti hadi mkongo

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, makao yake yakiwa Washington. Mihadhara ilirushwa kwa satelaiti kutoka vyuo vya Marekani Kaskazini na Ulaya, ikapokewa katika kumbi za vyuo vya Afrika. Mwalimu alikuwa katika skrini, mwanafunzi upande wa pili wa bahari, na mtaala ulikuwa wa wale walio kwenye skrini. Mwaka 2002 makao yalihamia Nairobi, na mwelekeo ukabadilika. Vyuo 12 vya nchi 10, miongoni mwake Kenya, Tanzania na Uganda, vilishirikiana kuandika moduli za kuwafundisha walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Waandishi walikuwa Waafrika wenyewe. Moduli 73 zilikamilika, na mwaka 2011 zikawekwa huria katika intaneti, kila moja kwa lugha tatu, jumla 219.

Lugha hizo tatu zilikuwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Chuo chenye makao Nairobi, kilichowashirikisha wanataaluma wa Kenya na Tanzania, kilitoa moduli ya fizikia kwa Kireno na hakikuitoa kwa Kiswahili. Ni rahisi kukasirika. Lakini mantiki ya waandaaji ilikuwa wazi: Kireno kilikuwa lugha ya darasa la sekondari Msumbiji, Kifaransa lugha ya darasa Senegal, Kiingereza lugha ya darasa Tanzania. Walihesabu madarasa, hawakuhesabu wasemaji.

Vikwazo vya mitambo navyo visipuuzwe. Hadi mwaka 2009 vyuo vya Afrika Mashariki vilitegemea satelaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Kufungua faili moja la video kulihitaji subira ya mvuvi. Kwa sababu hiyo MIT ilituma nakala za kozi zake zote katika diski, ziwekwe kwenye kompyuta za ndani za vyuo, ili wanafunzi wazisome bila kutoka nje ya mtandao wa chuo chao. Mradi mwingine, eGranary, ulioanzia Chuo Kikuu cha Iowa, ulifanya hivyohivyo kwa mamilioni ya kurasa za tovuti mbalimbali. Ulikuwa kama ghala la nafaka, kama jina lake linavyodokeza, wavuno wa mbali umewekwa akiba karibu na mlaji. Julai 2009 mkongo wa kwanza wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, na mingine ikafuata. Kasi ikapanda, bei zikaanza kushuka. Kama kikwazo kikuu kingekuwa mitambo, miaka iliyofuata ingeleta wingi wa kozi za chuo kikuu kwa Kiswahili. Haikuleta.

Kilicholetwa mwaka huo kilikuwa shindano. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza mwaka 2003, ikilelewa na watu wachache wenye bidii, akiwamo mwandishi Mtanzania Ndesanjo Macha. Kuelekea mwisho wa mwaka 2009 kampuni ya Google iliwaalika wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kushindana kuandika makala, na washindi wakapewa zawadi. Makala ziliongezeka kwa haraka. Shindano lilipokwisha mwaka 2010, wachache tu waliendelea kuandika. Si haki kuwalaumu vijana hao. Mwanafunzi aliyeandika kwa Kiswahili juu ya usanisinuru au sheria ya mikataba hakuwa na mhadhiri ambaye angempa mwanafunzi mwingine makala hiyo aisome kwa ajili ya mtihani. Zawadi ilichukua nafasi ya msomaji kwa miezi michache, kisha ikaondoka. Leo Wikipedia ya Kiswahili ina makumi ya maelfu ya makala, na sehemu kubwa ya uhai wake inatokana na wale wachache walioendelea baada ya zawadi kwisha.

Nyenzo zilizopata darasa

Mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na taasisi za nchi tisa za Afrika vilianzisha mradi wa TESSA, kwa ajili ya mafunzo ya walimu wa shule za msingi kusini mwa Sahara. Nyenzo zake zilihusu kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, stadi za maisha, na maarifa ya jamii pamoja na sanaa. Zilitolewa kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Toleo la Kenya na la Uganda liliandikwa kwa Kiingereza. Toleo la Tanzania liliandikwa kwa Kiswahili, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuwa miongoni mwa washirika.

Ukiyaweka TESSA na moduli za Nairobi sambamba, tofauti ya matokeo haielezeki kwa fedha, wala kwa moyo wa uzalendo, wala kwa kasi ya mtandao. Miradi yote miwili ilianza karibu wakati mmoja, ilikuwa na wafadhili wa nje, na ilishirikisha vyuo vya nchi zilezile. Mmoja uliwaandikia walimu wa sekondari, mwingine uliwaandikia walimu wa shule za msingi. Katika shule za msingi za umma za Tanzania Kiswahili kilikuwa kimefundishia masomo yote tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Vizazi viwili vya walimu vilikuwa vimesema pembetatu, mzingo, desimali na mvuke ubaoni. Mfasiri wa TESSA hakuhitaji kubuni; alihitaji kusikiliza. Kazi yake ngumu ilikuwa kurekebisha mifano, majina na marejeo ya mtaala ili mwalimu wa Tanzania asijione mgeni katika somo lake mwenyewe, na hiyo ni kazi ambayo leseni huria iliiruhusu tangu mwanzo.

Hadithi za watoto zilifuata njia hiyohiyo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, uliweka hadithi fupi zenye picha ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzitafsiri na kuzichapa. Kiswahili kina sehemu nzuri humo. Msomaji wake alikuwa amekwisha kuketi chini ya mwembe akisubiri.

Kuna darasa moja la chuo kikuu ambalo Kiswahili hakijawahi kulikosa tangu mwaka 1970: darasa la Kiswahili chenyewe. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu kuanzishwa kwake, na humo istilahi zimeota mizizi kwa kutumiwa. Si bahati kwamba nyenzo za mwanzo za bure za mtandaoni zenye manufaa ya kitaaluma zilitokea katika uwanja huu, na zilitangulia tangazo la MIT. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale kamusi hai ya Kiswahili ya mtandaoni, ambayo wasomaji wa nchi mbalimbali waliijaza kwa hiari. Mwaka huohuo jarida la Swahili Forum lilianza kutolewa mjini Köln, Ujerumani. Baadaye matoleo yake yakawekwa wazi katika intaneti, na makala za Kiswahili zikichapwa humo bega kwa bega na za Kiingereza. Programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ilianza kwa kazi ya istilahi kabla ya kazi ya mitambo.

Jambo linalouma ni kwamba vingi kati ya hivyo viliwekwa mtandaoni kutoka Ulaya na Marekani. Mfano ulio wazi ni wa hati za kale. Maktaba ya SOAS, London, inahifadhi hati nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, miongoni mwake zile zilizokusanywa na William Taylor mjini Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye sehemu kubwa ya tungo za Muyaka isingetufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SOAS iliendesha mradi wa kuziorodhesha hati hizo na kuiweka orodha yake mtandaoni. Aliyezisoma na kuzieleza alikuwa Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa. Yaani hati ziliandikwa na watu wa pwani, zikasafiri, na karne moja baadaye alihitajika tena mtu wa pwani ili zisomeke. Mwanafunzi wa Lamu au Zanzibar akaweza kujua kilichomo bila nauli ya London. Hapa nyenzo huria ilirudisha kitu.

Kwa upande wa Dar es Salaam, vitabu vya isimu na fasihi vya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili viliendelea kwa miaka mingi kuuzwa kwa karatasi tu, navyo mara nyingi viliadimika madukani. Sababu inaeleweka: taasisi ilihitaji mapato, na mwandishi wa Kiswahili hapati mrabaha wa kutosha hata pale kitabu chake kinaponunuliwa. Mtu asiyekuwa na mshahara wa MIT haombwi kutoa kazi yake kwa wepisi uleule. Hata hivyo, hilo ndilo darasa pekee la chuo kikuu ambalo lingeweza kupokea kozi huria kamili kwa Kiswahili bila kubuni neno hata moja.

Tarehe 25 Novemba 2019 mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo la kimataifa kuhusu nyenzo huria za elimu, likizihimiza nchi wanachama ziwe na nyenzo hizo pia katika lugha za wenyeji. Miaka miwili baadaye mkutano huohuo uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Tanzania nayo, katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, ilikuwa imekiruhusu Kiswahili kufundishia katika ngazi zote. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo lilikiacha Kiswahili katika elimu ya awali na msingi, na Kiingereza kuanzia sekondari. Walimu wa TESSA, kwa hiyo, bado wana darasa lao. Kani na mchapuko bado vinangoja katika kamusi ya mwaka 1990.